WALIOLALA NYUMBANI
Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Homa Bay

 Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusoma maneno haya kabla ya hesabu za Mweka Hazina, ambazo twajua ndizo wengi wenu mmekuja kuzisikiliza.

Katika mkutano wa mwaka jana mlituchagua watu wanne, mkatuagiza twende tukazuru makaburi ya watu mashuhuri waliozikwa katika nchi yetu, yaani kaunti hizi mbili za Homa Bay na Migori ambazo wazee wangali wakiziita South Nyanza, na tuandike habari za maisha yao kwa ajili ya kitabu cha mwaka. Kazi hiyo tumeifanya kadiri ya uwezo wetu. Hatukufika kwenye makaburi yote, na kuna mahali tulipofika tusione kaburi. Tutaanza na hilo ambalo hatukuliona.

Mnakumbuka ya kuwa katika orodha mliyotupa, jina la kwanza halikuwa la waziri wala la mbunge. Lilikuwa la mzee mmoja miongoni mwa wale waliokianzisha chama hiki, mtu aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba siku za Jumapili, daftari kwapani, akikusanya senti za mchango. Jina lake halitatajwa hapa, kwa kuwa jamaa zake walituomba hivyo nasi tukaahidi. Tulifika kwao na jiwe dogo lililochongwa kwa fedha za chama. Wajukuu walitupokea vizuri, wakatupa chai na viazi vitamu, kisha wakatupeleka shambani. Boma la mzee lilikuwa limehamwa miaka mingi. Wanawe walitoka wakajenga miji yao, kama desturi itakavyo, na pale pa zamani pakawa gunda. Sasa gunda ni udongo mzuri, wenye samadi ya ng'ombe wa miaka mingi, na nani aliye na njaa ya ardhi atauacha bure? Pamelimwa. Kijana mmoja alisema kaburi liko karibu na mstari wa mikonge. Mwingine akasema hapana, liko upande wa chini, karibu na njia. Mama mmoja mzee, aliyeolewa katika boma lile zamani, ndiye aliyekuwa akijua, naye alikuwa amefariki miezi mitano kabla ya sisi kufika. Tulisimama katikati ya mahindi yaliyofika magotini, jiwe tumelibeba, tusijue pa kuliweka. Jiwe hilo sasa liko katika chumba cha Katibu, nyuma ya mlango.

Wajukuu hatuwalaumu. Walizaliwa baada ya mambo hayo, na hakuna mtu aliyewaandikia. Lakini tulirudi barabarani kimya, na tangu siku hiyo kazi mliyotupa tuliiona kwa jicho jingine.

Neno hili lataka kuelezwa kidogo. Mlipotutuma mlisema “makaburi ya kihistoria”, na hapana shaka mlikuwa mkifikiri habari za miji mikubwa. Huko Nairobi mtu aweza kuingia katika makaburi ya City Park, akasimama mbele ya kaburi la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965, na mahali hapo hapo akaona kaburi la Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 na kufariki mwaka 1990. Mahali ni pa umma. Mgeni ahitaji kuuliza njia tu. Kwetu mambo si hivyo. Mtu wa kwetu hazikwi katika shamba la umma pamoja na asiowajua. Huzikwa kwake, ndani ya boma lake, mwanamume upande wa kuume wa nyumba yake na mwanamke upande wa kushoto. Ndugu zetu Wakuria wana taratibu zao, nasi hatutajidai kuwaelezea. Kwa hiyo makaburi ya kihistoria ya nchi hii yametawanyika katika maelfu ya maboma, na kila moja hutunzwa na aliye na sababu ya kulitunza. Sababu ikiisha, plau hupita.

Na desturi hiyo hiyo ndiyo iliyovizaa vyama kama hiki chetu. Wazee wetu walipokwenda kufanya kazi Nairobi, Mombasa, Kericho na kwenye mashamba ya mkonge, hofu yao kubwa haikuwa kufa, bali kufa na kuachwa huko. Ndipo walipoanza kuchanga. Vijana waliopo hapa huenda wakadhani ni mambo ya kale, lakini kumbukeni kesi ya wakili Silvano Melea Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986, na mkewe na ukoo wake wakashindana mahakamani juu ya mahali pa kumzika. Mwili ukakaa miezi mitano, hata Mahakama ya Rufani ikaamua, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi wa Mei 1987. Katika chumba hiki wako waliokuwa upande wa ukoo na wako waliokuwa upande wa mjane, na hatutaifufua kesi hiyo leo, maana chakula cha mchana kitapoa. Twasema tu ya kwamba nchi nzima iliona jinsi neno la kurudi nyumbani lilivyo zito kwetu. Chama kikubwa kuliko vyote vya namna hii, Luo Union, kilivunjwa mwaka 1980 pamoja na vyama vingine vya makabila. Vidogo vilibaki, kwa kuwa watu hawakuacha kufa.

Basi, sasa tuje kwa wale tuliowaona.

Kaburi linalojulikana kuliko yote ni la Thomas Joseph Mboya, lililoko Kasawanga katika kisiwa cha Rusinga. Siku zile alipozikwa ilikuwa lazima kuvuka maji kufika huko. Leo mtu hupita Mbita kwa gari, juu ya daraja. Jengo lililojengwa juu ya kaburi lina umbo la risasi, na mgeni asiyeambiwa hujiuliza sababu yake mpaka aambiwe, kisha hunyamaza. Ndani mna picha na vitu vyake. Tulikwenda siku ya soko, na upepo wa ziwa ulikuwa mkali.

Mboya hakuzaliwa Rusinga. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mzungu ambako baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara. Angalieni basi: mtoto wa mfanyakazi aliyekwenda mbali kutafuta mshahara, aliyelelewa katikati ya Wakamba, Wakikuyu na watu wa makabila mengi, akajua Kiswahili na Kikamba tangu utotoni. Wengi wetu hapa tulizaliwa vivyo hivyo, katika majumba ya kazi. Alisoma Kabaa, akasoma Yala, akaingia Mangu mwaka 1946, na hakumaliza kwa sababu karo ilishindikana. Akaenda kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwaka 1951.

Yeye mwenyewe amesimulia kisa kimoja cha siku zile katika kitabu alichokitoa mwaka 1963. Alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia bibi mmoja wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama chumbani mna mtu. Mboya alimwuliza kwa adabu kama macho yake yana kasoro. Wazee hukipenda sana kisa hicho na hukisimulia kila mmoja kwa maneno yake, nasi tulikisikia mara tatu Rusinga kwa siku moja.

Lakini kilichotugusa sisi wanachama ni kazi iliyofuata. Wafanyakazi Waafrika wa Jiji walikuwa na chama chao kidogo cha kusaidiana na kupeleka malalamiko. Mboya alichaguliwa kuwa kiongozi wake, naye akakigeuza kuwa chama halisi cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku, na viongozi wengi walikuwa kifungoni. Mfanyakazi alikuwa hana pengine pa kusemea. Mwezi wa Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alikwenda akasimama kati yao na waajiri mpaka mapatano yakapatikana. Alikuwa na umri wa miaka 24. Twaomba vijana wa chama, ambao kila tukiwapa kazi husema bado ni wadogo, waisikie hesabu hiyo.

Baada ya hapo mambo yake yanajulikana. Alisoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Mwezi wa Machi 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kutoka Nairobi. Mwezi wa Desemba 1958, akiwa na miaka 28, alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra. Mwaka 1960 akawa Katibu Mkuu wa KANU. Akawa Waziri wa Kazi, kisha wa Sheria na Mambo ya Katiba, kisha wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi.

Jambo moja la kazi zake limeingia mpaka katika nyumba zetu, nalo ni zile ndege za wanafunzi. Mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege kwenda kusoma Marekani, kwa fedha zilizochangwa na Wamarekani kwa juhudi za Mboya na rafiki zake. Mwaka uliofuata jamii ya Kennedy ikatoa fedha zaidi, na kufika mwaka 1963 vijana wa Afrika Mashariki karibu 800 walikuwa wamekwenda. Wangari Maathai alikuwa katika kundi la mwaka 1960. Nyumbani kila kijiji kilikuwa na kijana wake aliyetaka kwenda, na michango ya kumnunulia koti na viatu ilipita katika vyama kama hiki. Daftari letu la zamani kabisa lina mstari unaosema “sanduku la kijana”, na pesa zimeandikwa, ila jina la kijana halimo.

Hatungekuwa waaminifu kama tungemsifu tu. Mwaka 1965 serikali ilitoa ile hati yake maarufu ya ujamaa wa Kiafrika, Sessional Paper nambari 10, ambayo Mboya ndiye aliyeisimamia. Hati hiyo ilisema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali ambapo zitazaa haraka, penye ardhi na mvua nzuri, ili matunda yake yaenee kwingine baadaye. Wazee wa Nyatike na wa Gwassi walitwambia bila kificho ya kuwa wao bado wanayangojea matunda hayo. Mmoja wa walioikosoa hati hiyo mwaka huo huo, kwa maandishi, alikuwa mtaalamu wa uchumi Barack Obama, aliyezaliwa Kanyadhiang hapa Karachuonyo. Kaburi lake halimo katika orodha yetu kwa kuwa baba yake alirudi Kogelo, Siaya, naye akazikwa huko mwaka 1982. Walikuwa marafiki, Obama na Mboya, na ukosoaji haukuuvunja urafiki. Twalitaja hilo makusudi, maana katika chama hiki yuko mtu asiyeketi meza moja na mwenzake tangu uchaguzi wa Halmashauri ya miaka miwili iliyopita.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Mboya alitoka katika duka la dawa la Chhani katika barabara ambayo sasa yaitwa Moi Avenue, Nairobi, akapigwa risasi. Alikuwa bado hajatimiza miaka 39. Mtu mmoja, Nahashon Isaac Njenga Njoroge, alihukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo. Aliyemtuma hajajulikana mahakamani hata leo. Mwili ulisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, na wazee waliokuwa vijana siku hizo wakumbuka jinsi watu walivyojipanga njiani. Nairobi sasa ina barabara yenye jina lake, na tangu Oktoba 2011 ina sanamu yake karibu na mahali alipoangukia. Nasi hapa Homa Bay tuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Mtu huyu hatasahauliwa. Tumekaa kwake kwa muda mrefu kwa sababu habari zake ni nyingi na kwa sababu aliinuka kutoka katika chama cha watu wadogo.

Kutoka Rusinga tulipitia Waondo, palipozikwa Gerald Otieno Kajwang', mbunge wa Mbita kwa miaka mingi, kisha seneta wa kwanza wa Homa Bay, aliyefariki Novemba 2014. Mnamjua wenyewe, na wimbo wake wa mapambano bado waimbwa mikutanoni, na wengine waliuimba hata hapa asubuhi walipokuwa wakingoja chai.

Sasa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa. Hapo ndipo kwao Gor wuod Ogada, ambaye watu walimpa jina la Mahia kwa sababu ya maajabu yake. Alikuwa mtawala wa Kanyamwa wakati Waingereza walipoingia, nao wakamwacha awe chifu, labda kwa kuwa hawakuona njia nyingine. Wazee husimulia ya kuwa alikuwa akijigeuza: leo mwanamke, kesho mnyama, na askari waliokuja kumkamata wakarudi wameongea naye bila kujua. Ninyi wenyewe mtapima habari hizo. Sisi tuliona jambo jingine. Mwaka 1968 vijana wa mpira walilitwaa jina lake wakaipa timu yao, na timu hiyo mwaka 1987 ikalitwaa Kombe la Mandela la klabu zilizoshinda vikombe barani Afrika, jambo ambalo klabu nyingine ya Kenya haijalifanya. Basi kila Jumapili maelfu ya watu hulipiga kelele jina la mzee wa Kanyamwa, na huita timu “K'Ogalo”, ambalo nalo ni jina la ukoo wake. Tulipowauliza vijana kumi waliovaa fulana za kijani katika kituo cha basi hapa Homa Bay mahali alipozikwa Gor Mahia, wawili walisema Kisumu, mmoja akasema Nairobi, na waliosalia walicheka.

Huko Migori mambo ni kinyume chake. Simeo Ondeto hana kiwanja wala barabara kuu, lakini kaburi lake pale Got Kwer lina watu kuliko makaburi yote tuliyoyazuru. Ondeto alikuwa mkatoliki, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha pamoja na wengine, akiwemo Gaudencia Aoko, vuguvugu lililoandikishwa kuwa kanisa la Legio Maria. Wafuasi wake walitoka katika kanisa la wamisionari kwa maelfu, wakawa na mapapa wao, maaskofu wao, misa yenye Kilatini, na maombezi kwa wagonjwa. Wao humwita Masihi. Wanachama wengi wa chama chetu, walio Waadventista, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, hawakubali neno hilo, nasi hatukutumwa kupima imani za watu. Alifariki mwezi wa Septemba 1991, na kila mwaka mwezi huo mahujaji huja Got Kwer kutoka pande zote za Kenya, Tanzania na Uganda, wengi wao maskini kabisa, wakilala chini, wamevaa kanzu za rangi. Tulimwuliza mlinzi mmoja mzee ni nani anayelipa gharama za kupatunza mahali pale. Alitutazama kama watu waliouliza ni nani anayelipa gharama za mvua.

Kwa hiyo, wazee wetu, tuna mmoja ambaye jina lake liko kila kinywani na kaburi lake halijulikani kwa vijana, na mwingine ambaye kaburi lake halikosi mtu na jina lake halimo katika vitabu vya shule.

Tulikuwa tumekwisha maliza orodha mliyotupa ndipo mama mmoja wa Kendu Bay akatuuliza kwa nini wote ni wanaume. Hatukuwa na jibu. Basi tukaongeza jina, na twaomba radhi kwamba lilihitaji kuombwa. Phoebe Asiyo alizaliwa mwaka 1932 katika Karachuonyo, nchi ya misheni ya Gendia ambayo Waadventista waliianzisha mwaka 1906. Alikuwa mwalimu; akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake mwishoni mwa miaka ya 1950; akawa miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kushika vyeo vikubwa katika idara ya magereza. Mwaka 1979 watu wa Karachuonyo walimpeleka bungeni, na mwaka 1992 wakampeleka tena. Mwaka 1997 alipeleka hoja ya kutaka wanawake wapewe viti zaidi, na wabunge wakaikataa. Hakukaa chini, aliingia katika tume ya kuandika katiba, na Katiba ya 2010 ikaja na sharti la theluthi mbili na mwakilishi mwanamke kwa kila kaunti. Mwaka 2022 watu wa Homa Bay walimchagua mwanamke, Gladys Wanga, kuwa gavana. Mama Phoebe aliliona hilo. Alifariki Marekani mwezi wa Julai 2025, mbali na ziwa, akarudishwa Karachuonyo kuzikwa.

Limebaki kundi moja ambalo haliko katika kaburi lolote. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliingia kutoka upande wa Tanganyika, wakapita katika nchi hii, wakapigana na Waingereza Kisii tarehe 12. Vita hivyo vilipohamia kusini, serikali iliwachukua watu wetu kubeba mizigo: unga, risasi, majeruhi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni majina yaliyotokana na jeshi hilo la wapagazi. Walikufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika kutumikia Uingereza kwenye vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Maafisa wa Kizungu wana mawe yao, na majina yao yamechongwa vizuri. Karibu kila boma tulilofika, tulipouliza habari za vita hiyo, mtu alitaja babu aliyekwenda Kariakoo asirudi. Jina tulipewa. Katika boma moja la Nyatike tulipewa majina manne ya ndugu wa tumbo moja. Majina hayo hayajaandikwa na serikali yoyote, yamo katika vinywa vya wazee wa miaka 80 na 90, na mlio wengi wenu ndio hao.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta maombi haya, na itakuwa juu ya mkutano kuyakubali au kuyakataa. Kwanza, katika fedha za mazishi, shilingi kidogo zitengwe kila mwaka kwa ajili ya daftari la makaburi: jina, ukoo, boma, mahali kaburi lilipo na alama iliyo karibu, na maneno machache ya maisha yake, awe waziri au mkusanya senti. Twajua Mweka Hazina atasema fedha hazitoshi, na kweli hazitoshi. Gharama ya gari la maiti kutoka Nairobi imepanda, na mwaka huu tumesafirisha wengi. Lakini tumekuwa tukigharimia mwili ufike, kisha habari za mtu twaziachia mahindi. Pili, kila tawi lichague kijana mmoja anayejua kuandika vizuri, akae na wazee wake kabla ya mkutano ujao. Tatu, walimu walio wanachama wawapeleke watoto wa shule Kanyamwa na Rusinga, wala si Nairobi pekee.

Kuhusu lile jiwe lililo nyuma ya mlango wa Katibu, jamaa za mzee wamekubali liwekwe kando ya njia inayoingia katika gunda lao. Tutakwenda baada ya mavuno, Jumamosi, mahindi yakiwa yamekwisha vunwa, na wenye kutaka kufuatana nasi wajiandikishe.

Daftari jipya liko juu ya meza pale karibu na dirisha. Kurasa tatu za mwanzo zimekwisha jaa majina ya Kariakoo. Wazee wenye majina mengine waombwa wasiondoke baada ya chakula. Bwana Katibu Msaidizi ataketi hapo mpaka jioni, na kama mkono wa mzee hauandiki, yeye ataandika.